Kidole Kimepona, Mama

Butetown, Cardiff, Wales
Jumapili usiku

Mamaangu mpendwa,

Assalaam aleikum. Mimi ni mzima, alhamdulillahi, na kidole nacho kimepona. Najua uliponiona kwenye simu kimefungwa bandeji ulimwambia bi mdogo kwamba kuna jambo nakuficha. Sikufichi. Kiliteguka nikidaka mpira wa raga, ule wenye umbo la yai, ambao ukianguka chini haujulikani utarukia wapi. Uliniuliza, "Mpira gani huo wa kukamatana kama mbuzi wa akika? Na wakulipa ngapi?" Nikacheka tu. Leo sina zamu kazini, acha nikujibu.

Hawanilipi kitu. Ada natoa mimi, na jezi nafua mwenyewe. Usigune, Mama. Marehemu baba alipoingia uwanjani kwenye kirumbizi, mchezo wetu wa fimbo, siku ya Maulidi, akarudi na uvimbe kwenye kifundo cha mkono, nani alimlipa? Wewe mwenyewe ndiye uliyemkanda kwa maji ya chumvi, na jioni ukawahadithia majirani jinsi alivyomzidi yule wa Mkomani.

Mtaa huu ninaokaa zamani uliitwa Tiger Bay. Meli zilikuja kupakia makaa ya mawe, na mabaharia wa kila bandari, Wasomali, Wayemeni, watu wa Sierra Leone na Cape Verde, hata Wanorwe, wakashuka, wakaoa, wakabaki. Walikuwa na msikiti Peel Street. Mabomu ya Wajerumani yakaubomoa 1941. Ukipita magengeni jioni, harufu ya iliki inakurudisha Langoni, kwetu Lamu, mara moja. Lakini njia ya reli imeutenga mtaa na jiji, na siku zile kijana wa huku akivuka kwenda kuomba kazi, rangi yake ilikuwa imeshafika kabla yake.

Vita vilipokwisha na vijana wakarudi kutoka jeshini, mwaka 1946 wakaunda klabu yao ya raga, Cardiff Internationals Athletic Club. Hapa wanaiita CIACS tu. Jina lenyewe lasema yote: watoto wa mataifa chungu nzima, jezi moja. Mzee mmoja wa Kisomali tunayesali safu moja ndiye aliyenianzishia habari hii. Nilimuuliza alikuwa akicheza nafasi gani. Akajaribu kunyanyua mkono wa kulia, ukaishia usawa wa sikio. "Winga," akasema, akatabasamu kama mtu aliyeonyesha nishani.

Sasa sikiliza kisa cha mama mwenzako. Katika klabu hiyo alikuwapo kijana, Billy Boston, aliyezaliwa hapa 1934, baba yake mtu wa Sierra Leone, mama yake wa asili ya Ireland, nyumba ina watoto 11. Kijana ana mbio na kifua. Ndoto yake ilikuwa kuchezea klabu kubwa ya jiji, kisha Wales. Klabu kubwa haikubisha hodi. Waliobisha ni watu wa klabu ya Wigan, kaskazini mwa Uingereza, wakaweka paundi 1,000 taslimu mezani. Mama akakataa. Wakapandisha hadi 1,500. Mama, akitaka waondoke zao, akawaambia wazidishe mara mbili, iwe 3,000, ndipo mwanawe atie sahihi. Wakasema haya. Neno limeshatoka, hawezi kulirudisha. Ilikuwa 1953.

Ubaya wake ni huu. Raga iligawanyika tangu 1895. Klabu za kaskazini zilitaka kuwafidia makuli na wachimba migodi waliokosa ujira wa Jumamosi kwa ajili ya mechi; wakubwa wa mchezo wakakataa, wakisema raga ni ya ridhaa. Za kaskazini zikajitoa, na mchezo wao sasa una wachezaji 13. Huu wa kwetu una 15. Ukipokea senti moja kule, huku umefungiwa maisha. Ikawa hivyo mpaka 1995. Mimi naona sheria hiyo ilimfaa mwenye hati ya nyumba na mshahara wa mwezi. Mtoto wa baharia aliambiwa acheze kwa mapenzi, na waliomwambia hawakumpenda vya kutosha hata kumwita kwenye majaribio.

Boston akaondoka, akafunga trai, ndiyo mabao ya raga, 478 kwa jezi ya Wigan peke yake. Johnny Freeman wa klabu hiyohiyo akaenda klabu ya Halifax, kaskazini vilevile. Clive Sullivan, mtoto wa mtaa wa pili, Splott, akaiongoza Uingereza kama nahodha na kutwaa Kombe la Dunia 1972. Wote kwa mchezo wa 13. Wales ya wachezaji 15 haikumchezesha mtu mweusi hadi 1983. Hesabu miaka hiyo tangu 1946, Mama, kisha uniambie ni winga wangapi walizeekea kwenye gati.

Siku hizi jiji linajivunia. Mwaka 2023 waliwasimamishia sanamu hapa ufukweni, Boston, Sullivan na Gus Risman, mwenzao wa mchezo wa 13, na 2025 Mfalme akampa Boston cheo cha Sir akiwa na miaka 90. Napita pale nikienda kazini. Watalii hupiga picha. Yule mzee wangu hapigi. Hugusa mguu wa shaba kwa ncha ya fimbo, kisha huendelea na safari yake ya dukani.

Basi ndiyo Jumamosi zangu hizo. Sichezi vizuri, nisikudanganye. Nimeanza mtu mzima na mapafu yangu yamezoea mashua, si mbio.

Bi mdogo mwambie mpira aliouomba nimempa kijana wa Mkomani anayerudi huko kabla ya Ramadhani. Auchezee uwanja wa Twaif, au mchangani maji yakitoka. Asiupige dakani. Ile sahani ya bibi iliyobaki ukutani ni moja tu, na mpira huu, nimeshakwambia, haujulikani utarukia wapi.

Nipelekee salamu kwa Ami na majirani wote wa kichochoroni. Kama yuko wa kuja, nitilie achari ya ndimu, chupa ndogo.

Mwanao