Ukitaka "bowling green", unalipia usawa wa ardhi

Mteja wetu mmoja wa Nairobi alitupigia simu akitaka ua wake uwe "kama bowling green", yaani kiwanja cha nyasi cha mchezo wa kubingirisha matufe. Tulipofika tukakuta ameshamwaga mbolea mara mbili ndani ya wiki moja. Nyasi zilikuwa zimekoza kijani kweli. Nikaweka tufe katikati ya ua bila kulisukuma, likabingirika lenyewe hadi kwenye maua.

Jina ndilo lililompoteza. "Green" hapa si rangi. Sisi Waswahili tulianza na mmea, jani likazaa kijani. Waingereza walikwenda kinyume: walichukua jina la rangi wakaliita eneo lenyewe la nyasi, hata kiwanja cha kijiji. Na "bowl", yaani tufe, wamelitoa kwa Wafaransa, wanaosema boule. Kinachonifurahisha ni kwamba baadaye Wafaransa walilichukua jina zima, wakalitamka boulingrin, wakaliita bustani ya nyasi iliyo chini kidogo ya ardhi inayoizunguka.

Viwanja hivi ni vya kale. Cha Southampton, Uingereza, kinahesabiwa tangu 1299. Kule New York, mwaka 1733, kipande cha ardhi kilikodishwa kwa mchezo huu kwa punje moja ya pilipili manga kwa mwaka, na bustani iliyopo hapo mpaka leo inaitwa Bowling Green.

Usawa una sababu yake. Tufe la mchezo huu si duara kamili, hivyo linapopunguza mwendo hupinda upande mmoja. Mchezaji huupigia hesabu mpindo huo, na ardhi ikiinama kidogo tu, hesabu imeharibika.

Kwa hiyo swali letu la kwanza ni hili: mtacheza, au mtatazama? Kama ni kutazama, ukoka wa kawaida unatosha, usitupe pesa. Kama ni kucheza, kazi inaanzia chini: njia za kutolea maji, kusawazisha kwa uzi na pima maji, mtaro wa kuzunguka kiwanja, ndipo nyasi. Zikishika, tunanyunyiza mchanga uliochekechwa kuziba vishimo, tunapitisha rola na kukata fupi sana, mara kwa mara.

Ua wa yule mteja tumeupima. Upande wa lango uko juu kwa sentimita 11. Tunaanza kuchimba Jumatatu, na mbolea iliyobaki tumemwomba aiweke stoo.