Wadogo zangu tuliokoma hedhi, dawa ya mifupa msiache kienyeji

Wadogo zangu, marahaba nyote. Leo nawaandikia kwa pamoja manake kila anaenipigia anauliza lilelile, dada nimetumia dawa ya mifupa iliyodhoofika miaka miwili, kipimo cha uimara wa mfupa kimetoka kizuri, si naacha tu?

Usiache. Kwanza uliza hiyo dawa ni ipi, kwa sababu zikiachwa hazifanani kabisa. Vidonge vya alendroneti, vile vya mara moja kwa wiki, vinanasa ndani ya mfupa wenyewe, ndo maana aliekunywa miaka 5 daktari anaweza kumpumzisha na mfupa ukaendelea kulindwa kwa muda. Lakini sindano ya denosumabu ile ya kila miezi 6, jamani, hiyo haibaki mwilini, ukiiruka mfupa unaliwa kwa kasi kuliko mwanzo na wapo kina mama waliovunjika pingili za mgongo mbili tatu kwa mpigo bila hata kuanguka. Anaetaka kuiacha apangiwe kwanza dawa ya kuipokea. Homoni za kike wanazopewa waliokoma hedhi nazo ukiacha, faida ya mfupa inayeyuka.

Na hicho kidonge cha alendroneti wengi mnakimeza vibaya. Asubuhi tumbo tupu, glasi nzima ya maji matupu, sio chai, alafu nusu saa usilale wala usile kitu, kikikwama kooni kinaunguza.

Mazoezi ni hivohivo, mfupa hauweki akiba ya ngazi ulizopanda mwaka juzi. Kuogelea kunasaidia moyo ila mfupa unataka kubebeshwa uzito, kwa iyo tembea kwa kasi, nyanyua vizito ukiongeza kidogo kidogo, inuka kwenye kiti bila kujishika. Mi nikipiga mswaki nasimama mguu mmoja, vidole vimegusa sinki, nahesabu mpaka 20 nabadilisha mguu. Nilianza baada ya kujikwaa kwenye zulia, nikatanguliza mkono, kifundo kikavunjika kama kijiti, na ndo siku niliyojua mifupa yangu imekwisha, kumbe estrojeni, ile homoni ya kike inayolinda mfupa, ilishashuka miaka na mimi nimekaa tu sihisi maumivu yoyote. Dawa inaimarisha mfupa lakini haikuzuii kuanguka, miguu yenye nguvu ndo inakuzuia.

Mlio kwenye sindano, fungueni simu sasa hivi muandike tarehe ya inayofuata, na mtoto mmoja nyumbani aijue.