Sio kila anayetoa ahadi ni populisti

Ndugu Mhariri, naomba nafasi kidogo maana hili neno "populisti" siku hizi limekuwa tusi, kwenye vikao vya chama kila mtu anamrushia mwenzake na ukimuuliza maana yake anakuna kichwa.

Juzi tulikuwa na kura za maoni za udiwani na mi nilikuwepo kama mjumbe. Mgombea wa kwanza, dada mmoja hivi, akaahidi mtaro wa barabara ya shule utachimbwa ndani ya mwaka, tena alikuja na karatasi ya makadirio kabisa, hela itatoka fungu gani na kipi kitasubiri. Watu wakaanza kunong'ona, aah huyu populisti, ahadi tamu tamu tu. Wa pili akakataa kiti, akaenda kukaa chini na vijana, alafu zamu yake ilipofika akasema "mimi nimetumwa na wananchi, hawa wenzangu wametumwa na matumbo yao". Mzee mmoja akauliza swali la kawaida tu, na mtaro je? Akajibiwa eti hilo swali katumwa na wakubwa. Makofi hayo! Na hakuna hata mmoja aliyemwita populisti.

Yani tumeshika kinyume kabisa. Kuahidi ndo siasa yenyewe, na ahadi isiyo na hesabu tuiite uongo, jina inalo tayari. Msomi mmoja Mholanzi, Cas Mudde, mwaka 2004 alisema populizimu ni fikra inayoigawa jamii mafungu mawili, wananchi safi huku na wakubwa waliooza kule. Mjerumani Jan-Werner Müller akakaza zaidi, kuwasema wakubwa peke yake hakutoshi (nani hawasemi?), mpaka udai kwamba wewe tu ndo unawawakilisha wananchi wa kweli. Hapo ndo penyewe, kwasababu mzee wa watu kuuliza mtaro tu tayari kashatolewa kwenye hesabu ya wananchi.

Alafu neno lenyewe halikuanza kama tusi. Kule Marekani watu wa chama kilichoitwa People's Party walijiita populisti wenyewe, wengi wao wakulima waliobanwa na mabenki na kampuni za reli, na mwaka 1892 mgombea wao wa urais alipata kura zaidi ya milioni 1. Walidai kodi ya mapato inayopanda kadri kipato kinavyopanda, na maseneta wachaguliwe na wananchi moja kwa moja. Chama kikafa lakini kufika 1913 katiba ikarekebishwa, kodi ya mapato ikaruhusiwa na maseneta wakaanza kupigiwa kura na wananchi.

Basi sisi tukapiga kura, dada akashinda kwa tofauti ya kura 11. Yule jamaa akatoka nje akawaambia vijana wake wananchi hawajashindwa, waliopiga kura mle ndani ni wajumbe tu. Mi ni mmoja wa hao wajumbe, na nyumba yangu na yake zinagawana ukuta.

Msomaji wako, mjumbe wa tawi