Kilichomo ndani ya mabano

Marahaba, mwanangu. Barua yako imefika, na picha ya lile jiwe la kale la Athens lenye maandishi ya Kigiriki nimeikuza kwenye simu mpaka macho yakaniuma. Kigiriki changu cha seminari kimeshika kutu, ila herufi bado nazitambua.

Unalalamika kwamba insha yako yote uliijenga juu ya neno moja lililomo kwenye mabano ya mraba, mwalimu akaikata. Mama, hapo hakukuonea. Wasomi wa maandishi ya kale walishakubaliana kule Leiden, Uholanzi, mwaka 1931: kilichomo ndani ya mabano hayo hakimo kwenye jiwe. Jiwe limevunjika, mtu akajaza. Na herufi yenye nukta chini yake imeonekana nusunusu tu.

Ule mkusanyiko wa Packard wa maandishi ya mawe ya Kigiriki kwenye intaneti ni neema, tena bure. Enzi zetu nani angeota? Lakini unakupa maandishi matupu, haukuambii aliyejaza ni nani wala nani alimpinga. Ukishalipata jiwe lako humo, ingia maktaba ufungue Inscriptiones Graecae, yale mavitabu ya Berlin ya maandishi ya mawe ya Kigiriki, usome yale maelezo ya Kilatini yenye herufi ndogo. Kisha SEG (Supplementum Epigraphicum Graecum), inayokusanya mapya na masahihisho tangu 1923. Kilatini kinakutoa jasho, najua. Komaa nacho.

Halafu hesabu. Wachongaji wa Athens wa karne ya 5 KK walipenda kupanga herufi kama miche ya mahindi, kila moja chini ya mwenzake, maneno yameshikana bila nafasi. Kama mstari huchukua herufi 40 na zimebaki 31, anayejaza alete 9. Akileta 12, mtilie shaka. Na wakikuruhusu, jifunze kupiga chapa: karatasi nene iliyoloweshwa, unaigonga kwa brashi mpaka izame ndani ya kila herufi, unaiacha ikauke, unaondoka nayo.

Mimi mwenyewe nimeumbuka kwa kujaza. Kaburi la babu yako mvua imelila, nami kwenye daftari la ukoo niliandika alifariki 1974 kwa sababu ndivyo nilivyosikia nyumbani. Krismasi iliyopita nilikwenda jioni na tochi, nikailaza ubavuni mwa jiwe, mwanga ukapita juu juu na kivuli kikaingia kwenye michoro. Ile 4 ikaonekana kama 1. Shangazi yako, aliyezaliwa 1973, hataki kusikia habari ya tochi. Basi daftarini nimefuta, nimeandika 197 na mabano, ndani sikuweka kitu.

Baba yako