Bakteria anayeipumbaza kinga tumboni

Mhariri,

Makala nyingi za vidonda vya tumbo bado zinalaumu pilipili na mawazo, ilhali watafiti Barry Marshall na Robin Warren walitunukiwa Nobel mwaka 2005 kwa kumfichua mhusika: bakteria Helicobacter pylori. Ujanja wake ndio unaonishangaza. Mikia anayoogelea nayo ina protini ambayo vipokezi vya kinga haviitambui vizuri. Isitoshe, hutoa sumu iitwayo VacA inayozuia seli T za kinga zisiongezeke. Askari wa kinga hufika, ndiyo maana ukuta wa tumbo huvimba, lakini hawamalizi kazi. Bila antibiotiki, anaweza kukaa humo maisha yote. Tafadhali tajeni pia kipimo cha pumzi au cha kinyesi kinachomgundua, maana dawa ya kupunguza asidi peke yake haimwondoi.

Msomaji wenu