Barua ya wazi kwa vijana wa Dodoma mnaoagiza mizigo kutoka nje

Mbukwenyi, wanangu.

Nimekasirika, na sitaificha hasira yangu. Fomu ya kumkagua muuzaji wa nje, yenye maswali chungu nzima kuhusu kazi za kulazimishwa, inajazwa hapa mjini na kijana ambaye kiwanda chenyewe hajawahi hata kukipigia simu. Hapana, hapana, hapana hadi chini, muhuri, mkataba. Fomu hiyo haimfikii binti aliyeinamia cherehani. Inawakinga nyinyi tu, mpate kusema mliuliza.

Chukueni fulana, maana Dodoma yetu imekuwa mji wa semina, na kila semina ina fulana yake. Mmeagiza fulana 10,000 za pamba tupu, gramu 180 kila moja. Hizo ni kilo 1,800 za nguo iliyokamilika. Lakini pamba hupungua njiani: mashine za kusokota hutoa takataka na nyuzi fupi, na meza ya kukatia huacha vipande vya kwapa na shingo sakafuni. Kadirieni asilimia 15 kwenye kusokota na 15 nyingine mezani, mtaona kiwanda kilihitaji karibu tani 2.5 za pamba. Sasa ombeni invoisi za marobota. Mkiletewa karatasi za tani moja, ulizeni tani moja na nusu imetoka wapi. Msiogope kuuliza, fedha ni zenu.

Kisha pangeni karatasi kwa tarehe: kuchambua pamba, kusokota, kufuma, kupaka rangi, kushona. Uzi ulionunuliwa Mei hauwezi kuwa ndani ya fulana iliyoshonwa Aprili. Mnacheka? Karatasi za kughushi hukamatwa hapohapo, kwa sababu anayeghushi hukumbuka muhuri akasahau kalenda.

Nasisitiza pamba kwa sababu sehemu kubwa ya pamba ya China hulimwa Xinjiang, jimbo la magharibi mwa nchi hiyo, ambako Wauyghur, jamii ya Waislamu wa huko, hupelekwa kazini kwa mipango ya serikali ambayo kuikataa ni hatari. Tangu tarehe 21 Juni 2022, Marekani huhesabu kila bidhaa yenye kitu cha Xinjiang kuwa imetokana na kazi ya kulazimishwa, mpaka mwagizaji athibitishe kinyume chake. Mzigo uliozuiliwa kule mwenyewe anaweza kuuhamishia nchi nyingine, na Dar es Salaam ni bandari kama nyingine. Bei ikishuka ghafla bila sababu, shtukeni.

Mnaoleta glavu za hospitali, huko shida kubwa ni deni. Kijana wa Nepal au Bangladesh hukopa kumlipa wakala ili apate kazi kiwandani Malaysia, kisha hawezi kuondoka mpaka deni liishe. Marekani ilipozuia glavu za baadhi ya viwanda hivyo, ada zilianza kurudishwa kwa wafanyakazi. Swali lenu liwe moja: nani alilipa gharama za kumleta mfanyakazi, na risiti iko wapi?

Dalili nyingine za kazi ya kulazimishwa mnazijua, nazitaja tu. Pasipoti kukaa kwa meneja. Mshahara kuzuiwa. Bweni kufungwa kwa nje. Saa za ziada zisizokatalika. Mkaguzi kutangaza siku ya kufika, kisha kuwahoji watu mbele ya msimamizi.

Na saa hizo za ziada mnazichochea wenyewe, mnapobadilisha nembo wiki mbili kabla ya Nane Nane na tarehe ya mzigo kubaki ileile. Tusijifanye wasafi pia. Binti ametolewa Mpwapwa kuja kulea watoto Area C, mwaka wa pili huu mshahara wake "anatunziwa" na mama mwenye nyumba, na majirani tunaona sawa. Katiba yetu, ibara ya 25, imekataza kazi ya shuruti, nasi tunaiita msaada.

Mkibaini tatizo kiwandani, msikimbie siku hiyohiyo, kwani mkikimbia deni linabaki shingoni mwa mfanyakazi. Andikeni mkitaka ada zirudishwe na pasipoti zikabidhiwe, wekeni tarehe, zuieni oda inayofuata mpaka muone uthibitisho. Ila pale anayelazimisha ni serikali yenyewe, hakuna meneja wa kumbana. Hapo ondokeni, na muondoke kabla ya kutuma malipo ya awali.

Mzee wenu,
Dodoma