Namba ya kuthibitisha chuo iko kwenye simu yangu

Shangazi, shikamoo.

Saa hizi ni saa kumi alfajiri, sijalala, na saa moja natakiwa niwe nimeshafungua duka. Nikiandika ovyo nivumilie. Najua wengi wanakuletea mambo ya ndoa. Langu si la ndoa, ingawa kuna wakati usiku huu nimeona heri lingekuwa la ndoa, maana mume unaweza kumrudisha kwao.

Dogo, mdogo wangu, kidato cha sita kapata one ya point 4, yaani daraja la kwanza, na point zikiwa chache ndiyo bora. PCB hiyo, Fizikia, Kemia na Baiolojia. Baiolojia A, Kemia A, Fizikia B, na ile BAM, hesabu ya ziada iliyokuwa ikimtoa machozi, kapata C. Kwenye dirisha la kwanza la maombi ya vyuo kachaguliwa vyuo viwili: Muhimbili udaktari wa binadamu, na Sokoine, Morogoro, udaktari wa mifugo. Ukichaguliwa zaidi ya kimoja lazima uthibitishe kimoja, na namba ya kuthibitishia inakuja kwenye simu iliyoandikwa kwenye fomu. Simu iliyoandikwa ni yangu, kwa sababu dirisha lilipofunguliwa yeye alikuwa kambini JKT, Jeshi la Kujenga Taifa, kwa mujibu wa sheria, anakimbia mchakamchaka, simu hana. Nani angemjazia? Mjomba?

Namba ninayo. Anaitaka. Sijampa. Mwisho ni Ijumaa.

Sasa nikueleze alichoniambia, maana ndicho kinachoninyima usingizi, hayo mengine ya vyuo ni maneno tu. Jumapili tumekaa tunakula, mama kaja kutoka Kondoa kwa ajili ya furaha hiyo hiyo, nimepika pilau. Nikamwambia dogo tuthibitishe Muhimbili tumalize, Bodi ya Mikopo wasije wakatuchelewesha. Akaweka kijiko chini. Akasema, "Dada, wewe ndiye unayetaka Muhimbili. Mimi siitaki." Mbele ya mama. Mbele ya pilau langu. Halafu akaendelea kula.

Shangazi, mimi sitaki shukrani. Nakuapia sitaki shukrani ya mtu. Lakini fomu ya kujiunga ya kidato cha tano ilipokuja, godoro, tranka, fagio, jembe, rimu za karatasi, nani alizunguka Mbagala nzima kutafuta? Ada serikali imefuta, sawa, ila tuisheni ya Fizikia haijafutwa. Mock ya mkoa, ule mtihani wa majaribio, aliyumba Fizikia, nikauza simu yangu nzuri akasome likizo kwa mwalimu, hii ninayoandikia ina ufa katikati. Mapepa ya nyuma ya Necta, Baraza la Mitihani, nilitoa kopi hadi kijana wa stesheneri akawa ananiita "ticha". Tulikuwa tunasahihisha kwa simu usiku, yeye kaazima simu ya matroni, ananisomea majibu ya titresheni, lile jaribio la Kemia la asidi na besi, nami nina karatasi yangu huku, namwambia umesahau kuandika rangi kwenye endi pointi, pale rangi inapobadilika, maksi hiyo imekwenda. Kwa hiyo leo Muhimbili naitaka mimi peke yangu?

Kinachoniuma zaidi ni kwamba habari ya mifugo mjomba alikuwa anaijua. Mjomba! Ambaye msibani kwa baba alichangia maneno. Kanipigia juzi, "Mwache mtoto asome anachokipenda." Mtoto! Kumbe walishazungumza kabla hata ya mtihani, wakiwa kijijini, mimi ndiye wa mwisho kujua.

Ngoja niwe mkweli kidogo, maana utaniuliza tu. Sokoine alinipa mwenyewe, aliiandika kwenye karatasi kabla ya kwenda kambini, na chini yake hakuandika chuo kingine. Nikaomba Sokoine kama alivyosema. Muhimbili nikaongeza mimi, ada ya maombi nikalipa kwa hela yangu. Na sijutii. Mwambie mzazi yeyote mtoto ana AAB ya PCB halafu asiombe Muhimbili, atakuona una wazimu. Unajua wangapi wanaililia nafasi ile? Mtu ana B tatu na halali usingizi. Maombi hayamfungi mtu, nilijisemea, akichaguliwa mwenyewe atafurahi. Yeye anasema nilimwendea kinyume. Nimwendee kinyume kwa kumwombea Muhimbili!

Hiyo mifugo imeanzia kwa babu. Miaka kadhaa nyuma, mvua za kwanza, ng'ombe wa babu alikula majani mabichi akavimba tumbo, ubavu wa kushoto umejaa hadi ukiugonga unalia. Bwana mifugo akaja na pikipiki, akapapasa, akachomeka kile chuma chenye mrija, hewa ikatoka kwa kelele na harufu mbaya kiasi kwamba wanawake wote tulikimbia. Dogo hakukimbia. Alishika mkia. Ng'ombe akasimama akaanza kucheua, na mpaka leo huyu mtu akieleza kisa hicho macho yanamng'aa. Nikamuuliza, kwa hiyo one ya point 4 ni ya kwenda kutoboa ng'ombe? Akasema, dada, ni miaka mitano, ni shahada ya udaktari kama ile nyingine. Nikamwambia kijijini watakuita bwana mifugo tu. Akasema, na waniite.

Tena ana hoja zake, nisimseme vibaya. Anasema madaktari wamejaa mtaani wanasubiri ajira, udaktari ni miaka mitano na mmoja wa intanshipu, halafu unakaa nyumbani. Nikamwambia na wa mifugo je, wao wanasubiriwa na nani? Akasema ng'ombe hasubiri kibali cha ajira. Mama akacheka. Mama alicheka, Shangazi! Huyo huyo aliyewatangazia kanisa zima kwamba nyumbani kwetu kunatoka daktari. Sasa anasema daktari ni daktari.

Watu watakwambia nina wivu. Mjomba ameshasema kwa mafumbo. Mimi sina wivu. Mwaka 2017 nilipata two ya point 10, Kemia C, Baiolojia C, Fizikia D. Mwaka ule ndio TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, waliacha kupokea maombi yetu wao wenyewe, tukaambiwa kila mtu aombe chuoni moja kwa moja, tukahangaika kwenye intaneti kafe hatujui A wala B. Muhimbili niliomba. Kitabu cha TCU kinasema sifa za chini ninazo, nikajua ninazo. Kumbe sifa za chini ni za kukuruhusu upange foleni, nafasi zinachukuliwa na wenye A zao. Nikachaguliwa udaktari chuo cha binafsi, mkopo niliopangiwa haukugusa nusu ya ada, na baba ndiyo alikuwa ameanza kuugua. Nikasoma ile kozi fupi ya utoaji dawa, nikaajiriwa duka la dawa, niko hapo mpaka leo. Sijalalamika. Nani amewahi kunisikia nalalamika?

Nikienda Upanga kumtazama mgonjwa napita pale nje nawaona na makoti yao meupe, wanakula mihogo. Kwa hiyo nilitaka mmoja wetu apite pale ndani. Hilo ni kosa?

Kuna afisa tabibu mmoja mteja wetu, mama mtu mzima, huwa ananiambia kwa matokeo yangu ningesoma stashahada ya utabibu, miaka mitatu, na ukitoka na GPA nzuri, wastani wa alama zako, unaomba udaktari kama wengine, yeye ana wenzake waliopita hivyo wakaingia hadi Muhimbili wakiwa na watoto. Sijui kwa nini nakuandikia hili. Umri wangu huu, nikae darasani na watoto waliozaliwa nikiwa nacheza rede? Na mkopo nani atanipa tena? Hela kidogo niliyoweka ni ya kumwanzishia dogo chuo. Hata fomu nimeichungulia tu, basi. Tuliache.

Turudi kwenye namba. Usiku huu mara mbili nimefungua akaunti yake, nywila ninayo, vyuo vyote viwili nywila ninazo mimi. Ni kuingiza namba na kubonyeza. Kwa Muhimbili. Akiamka kesho kila kitu kimekwisha, atanuna mwezi, atakuja kunishukuru akivaa koti. Halafu namsikia, "wewe ndiye unayetaka, mimi siitaki," nafunga simu. Nikafikiria nimtumie tu hiyo namba, athibitishe ng'ombe wake. Nikafungua meseji, nikaandika "haya chukua," nikafuta. Kwa sababu nikimpa ni kama nimekubali kwamba miaka yote hii nilikuwa nahangaika peke yangu na ndoto ambayo haikuwa yake. Na kama haikuwa yake, zile usiku za titresheni tulikuwa tunafanya nini?

Yeye amelala chumba cha pili anakoroma, hana habari. Hajaniomba tena tangu Jumatatu. Hilo nalo linaniudhi. Angebembeleza hata kidogo ningempa. Au nisingempa, sijui.

Fomu ya mkopo imeshakaa vizuri, cheti cha kifo cha baba RITA, wale wa vizazi na vifo, walishathibitisha, huko hatuna tatizo. Tatizo ni hii Ijumaa. Ukipita mwisho bila kuthibitisha, nafasi zote mbili zinaweza kupotea, na hapo mjomba atapata la kusema mpaka kiama.

Kwa hiyo nakuuliza, Shangazi: mtu aliyebeba mzigo wote hana hata haki ya kuamua kidogo? Nithibitishe au nimpe? Usiniambie tukae tuzungumze, tumezungumza hadi pilau likapoa. Na usiniambie kila mtu na kipaji chake, hilo mjomba ameshalisema. Na kama unafahamu lolote kuhusu ile stashahada, watu wa umri gani wanachukuliwa, unaweza kuandika mwishoni kwa ufupi, ila si lazima. Jibu la Ijumaa ndilo muhimu.

Wako,
Dada mtu, Mbagala